Mazoezi ya Uigaji katika Upasuaji wa Matundu Madogo: Kutoka Bukavu hadi Kamituga

1.0 Utangulizi

Kamituga ni mji wa machimbo ya dhahabu katika wilaya ya Mwenga, Kivu ya Kusini, yapata kilomita 180 kusini-magharibi mwa Bukavu. Uchimbaji huo ulianza zama za ukoloni wa Kibelgiji, na tangu makampuni makubwa yalipoondoka umebaki zaidi mikononi mwa wachimbaji wadogo. Miongoni mwao wamo wanawake wanaotwanga mawe mpaka yawe unga ili dhahabu iweze kuoshwa. Wakazi wa Kivu, ambao huchanganya Kiswahili na Kifaransa katika mazungumzo ya kila siku, huwaita wanawake hao "twangaises": kitenzi cha Kiswahili kutwanga kilichovikwa kiambishi tamati cha Kifaransa.

Mwanamke wa kazi hiyo akiugua kidole tumbo, au mimba ikitunga nje ya mfuko wa uzazi, hana budi kupasuliwa. Katika upasuaji wa kawaida tumbo hufunguliwa kwa upana unaoruhusu mikono ya daktari kuingia, na hupita majuma kadhaa kabla misuli iliyokatwa haijaweza tena kustahimili mzigo. Mtu anayekula kwa nguvu za mikono yake hana akiba ya kuishi majuma hayo. Ipo njia nyingine ya upasuaji ambayo huacha majeraha madogo, hupunguza maumivu na uambukizo wa kidonda, na humrudisha mgonjwa kazini mapema zaidi. Hata hivyo, njia hiyo ni ngumu kujifunza, na anayeianza bila maandalizi huweza kudhuru badala ya kuponya.

Makala haya yanaeleza ugumu huo unatokana na nini, jinsi mazoezi ya uigaji yanavyoupunguza, na mambo yanayotakiwa ili mazoezi hayo yamfikie daktari aliye mbali na vyuo vikuu. Inadaiwa hapa kwamba chombo cha kufanyia mazoezi ni rahisi kupatikana kuliko inavyodhaniwa. Kilicho adimu ni sauti ya mwalimu, na sauti hiyo haiwezi kutenganishwa na lugha.

2.0 Upasuaji wa Matundu Madogo

Katika upasuaji huu daktari hutoboa ukuta wa tumbo matundu matatu au manne, kila moja likiwa na upana wa milimita 5 hadi 12. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksaidi ili ukuta wake uinuke na kuacha nafasi ya kufanyia kazi. Kupitia tundu mojawapo huingizwa neli yenye taa na kamera, na picha ya viungo vya ndani huonekana kwenye kioo cha runinga. Vyombo vyembamba na virefu, kama vile koleo, mkasi na kishika sindano, hupitishwa katika matundu yaliyobaki.

Historia ya njia hii ni ya zaidi ya karne moja. Mwaka 1901 Georg Kelling wa Ujerumani alichungulia tumbo la mbwa kwa darubini, na mwaka 1910 Hans Christian Jacobaeus wa Sweden alieleza jinsi alivyofanya hivyo kwa binadamu. Kwa miongo mingi lengo lilikuwa kuona zaidi kuliko kutibu. Mwaka 1980 Kurt Semm, daktari wa magonjwa ya wanawake katika mji wa Kiel, alitoa kidole tumbo kwa njia hiyo. Mwaka 1985 Erich Mühe, naye Mjerumani, alitoa mfuko wa nyongo. Wote wawili walipingwa vikali na wenzao. Baada ya Philippe Mouret wa Lyon kutoa mfuko wa nyongo mwaka 1987, na kamera za video kuenea, upinzani uligeuka kuwa mbio za kila mtu kutaka kuimudu njia hiyo mpya.

Mbio hizo zilikuwa na gharama yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, madaktari mabingwa waliokuwa wamezoea kufungua tumbo walihudhuria mafunzo ya siku chache na kurudi kupasua wagonjwa. Majeruhi ya mrija wa nyongo yaliongezeka kupita yale yaliyozoeleka katika upasuaji wa kawaida. Ilidhihirika kwamba ubingwa wa njia ya zamani haukumfanya mtu kuwa bingwa wa njia mpya.

3.0 Ugumu Unatoka Wapi?

Ugumu wa kwanza ni wa macho. Kioo cha runinga kina pande mbili tu, urefu na upana. Kina cha tumbo hakionekani moja kwa moja. Mwanafunzi hupeleka koleo mbele akidhani amelifikia utumbo, kumbe bado yuko juu yake, au tayari amelipita.

Ugumu wa pili ni wa mikono. Kila chombo hupita katika tundu lisilohama, nalo tundu hilo huwa egemeo na chombo huwa wenzo. Kwa hiyo mkono ukienda kushoto, ncha ya chombo huenda kulia. Mkono ukipanda, ncha hushuka. Avuaye samaki katika ziwa Kivu kwa mtumbwi wenye makasia yaliyofungwa ubavuni huijua kanuni hiyo: huvuta mpini upande wake ili ubapa wa kasia uende upande wa pili. Tofauti ni kwamba mvuvi alianza kuizoea kanuni hiyo utotoni, ilhali daktari huikuta ukubwani, tena akiwa ameuelekeza uso wake kwenye kioo badala ya mikono. Aidha, urefu wa chombo hukuza mtetemo wa vidole, na hisia ya mguso hupungua: aliyezoea kutambua ugumu au ulaini wa kiungo kwa kidole hulazimika kuukisia kwa jicho.

Ugumu wa tatu ni wa ufundishaji. Katika upasuaji wa kawaida mwalimu husimama mkabala na mwanafunzi wake, na mikono yao hukutana ndani ya jeraha moja. Anaweza kuushika mkono unaokosea. Katika upasuaji wa matundu madogo msaada huo wa mkono juu ya mkono hupungua sana, na sehemu kubwa ya mafundisho hubakia kuwa maneno. Jambo hili litarejewa katika sehemu ya 6.0.

4.0 Uigaji na Aina Zake

Uigaji, kwa maana inayotumika hapa, ni kutenda kazi ya chumba cha upasuaji mahali ambapo kosa halimdhuru mtu. Semm mwenyewe alibuni kisanduku cha kufanyia mazoezi ya nyonga na tumbo. Tangu wakati huo zimejitokeza aina nne.

Aina ya kwanza ni sanduku la mazoezi. Hili ni kasha lenye matundu juu yake, kamera ndani yake, na kioo mbele ya mwanafunzi. Aina ya pili ni mashine za kompyuta zinazotengeneza picha ya tumbo na kupima kila msogeo wa mkono. Aina ya tatu ni viungo vya wanyama: ini la mbuzi lenye mfuko wa nyongo hufaa kujifunzia kubandua mfuko huo, na ngozi ya kuku hufaa kwa kushona. Aina ya nne ni zoezi la kundi zima, ambapo daktari, muuguzi na mtoa dawa ya usingizi huigiza dharura, kwa mfano mshipa uliopasuka, ili kila mmoja ajue nafasi yake.

Mfano unaojulikana zaidi wa mazoezi ya sanduku ni mpango wa misingi ya upasuaji huu uliozinduliwa na chama cha madaktari wa fani hiyo Marekani mwaka 2004, ukitokana na kazi iliyofanywa katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada. Mpango huo una majaribio matano ya mikono. Katika la kwanza mwanafunzi huinua vipande sita kimoja kimoja kwa koleo la mkono mmoja, hukihamishia kwenye koleo la mkono wa pili angani, hukitua kwenye kijiti, kisha hurudisha vyote. Katika la pili hukata duara kwenye kitambaa cha shashi bila kuupita mstari. La tatu ni kukaza kitanzi mahali palipowekwa alama. La nne na la tano ni kushona na kufunga fundo, kwanza fundo likifungiwa nje ya kasha na kusukumwa ndani, kisha likifungwa ndani kwa ndani.

Kinachofanya mazoezi haya yawe elimu ni kipimo chake. Kwa kufuata wakati wa mabingwa, viliwekwa viwango vya kufikiwa: sekunde 48 kwa kuhamisha vipande, na sekunde 112 kwa fundo la ndani. Kufikia kiwango cha kuhamisha vipande mara moja hakutoshi. Hutakiwa kukifikia mara mbili mfululizo, na mara kumi nyingine zaidi. Hivyo bahati hutengwa na ustadi. Mwanafunzi haulizwi amehudhuria saa ngapi. Huulizwa mkono wake unafanya nini.

5.0 Ushahidi

Mwaka 2002 lilichapishwa jaribio la Chuo Kikuu cha Yale lililowahusisha madaktari 16 waliokuwa masomoni. Nusu yao walifanya mazoezi kwenye mashine ya kompyuta mpaka wakafikia kiwango cha mabingwa. Nusu ya pili walifuata masomo ya kawaida. Kisha wote walitoa mfuko wa nyongo kwa wagonjwa, chini ya usimamizi. Waliokuwa wamefanya mazoezi waliubandua mfuko huo kwa kasi zaidi kwa asilimia 29. La muhimu zaidi, wale wengine walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kuujeruhi mfuko au kuchoma sehemu isiyohusika. Ustadi uliopatikana nje ya mwili wa mgonjwa ulikuwa umehamia ndani yake.

Mashine za namna hiyo ni ghali, na hapo huzuka swali la nchi zisizo na fedha. Jibu la kwanza limetoka Dar es Salaam. Mwaka 2014 zilichapishwa habari za mazoezi yaliyofanywa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili kwa kutumia sanduku la bei nafuu, na washiriki walionekana kuongeza ustadi wao. Mpango mwingine uliowaunganisha walimu wa Marekani, Ethiopia na Kamerun ulitumia kasha rahisi na kamera ya simu ya mkononi kufundishia matibabu ya mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi.

Jibu la pili limetoka Botswana, nalo ndilo zito zaidi. Mwaka 2010 zilichapishwa habari za madaktari 16 wa nchi hiyo waliogawanywa mafungu mawili kwa muda wa majuma manane. Fungu la kwanza, la watu wanane, lilipewa sanduku pamoja na video ya mafunzo, na kutakiwa kujizoeza lenyewe walau mara moja kwa juma. Fungu la pili, nalo la watu wanane, lilikutana mara moja kwa juma, kwa njia ya intaneti, na mwalimu aliyekuwa Toronto, Kanada, ambaye aliitazama mikono yao na kuwasahihisha. Mwishoni watu wote wanane wa fungu la pili walifaulu mtihani. Katika fungu la kwanza walifaulu asilimia 38, yaani watatu.

Mafungu yote mawili yalikuwa na vyombo. Lililowatenganisha ni mtu wa kusema, "Punguza nguvu", "Badilisha mkono", "Hapo umekosea, anza tena". Mwanafunzi asiye na mwalimu hurudia kosa lake mpaka linakuwa mazoea, na mazoea hayo huwa magumu kung'oa kuliko ujinga wa awali.

6.0 Bukavu na Suala la Lugha

Bukavu si mgeni wa njia hii ya upasuaji. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Dkt. Denis Mukwege, mshindi mwenza wa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 2018, inajulikana kwa kutibu wanawake waliojeruhiwa kwa ukatili wa kijinsia na wenye nasuri. Katika muongo wa 2010 daktari bingwa wa Kibelgiji, Guy-Bernard Cadière wa Brussels, alikuwa akienda Panzi na timu yake kupasua kwa matundu madogo na kufundisha. Mwaka 2019 yeye na Mukwege walitoa kitabu kuhusu kazi hiyo. Upande wa pili wa mpaka, mjini Kigali, kituo kikubwa cha mafunzo ya upasuaji huu kilizinduliwa mwaka 2023, kikiwa tawi la taasisi iliyoanzishwa Strasbourg, Ufaransa, mwaka 1994. Ramani huonyesha kwamba kituo hicho ni jirani wa Bukavu. Siasa na vita husema vingine: Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa kundi la M23, na uhusiano wa Kongo na Rwanda ulikuwa umeharibika vibaya. Elimu inayotegemea kuvuka daraja la mto Ruzizi huweza kukatika siku daraja linapofungwa. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutaka mafunzo yawe na mizizi upande huu pia.

Mafunzo ya udaktari nchini Kongo hutolewa kwa Kifaransa. Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa, ndicho lugha ya wagonjwa wengi wa Kivu, na ndicho kinachosikika wauguzi wanapozungumza na wagonjwa hao. Katika chumba cha upasuaji lugha hizo mbili hukutana. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kufundisha upasuaji huu ni maneno, yafaa kuchunguza Kiswahili kina maneno gani ya kazi hiyo.

Kwanza ni jina lenyewe. Aliyesoma kwa Kiingereza husema laparoskopia, kutokana na neno la Kigiriki la ubavu. Aliyesoma kwa Kifaransa husema selioskopia, kutokana na neno la Kigiriki la tumbo. Tanzania imezoeleka istilahi "upasuaji wa matundu madogo". Mgonjwa anayeombwa ridhaa hafaidiki na ubavu wala tumbo la Kigiriki. Istilahi ya tatu humwambia kitakachotendeka mwilini mwake, na kwa sababu hiyo ndiyo inayostahili kutumiwa mbele yake.

Pili ni neno la mazoezi. "Uigizaji" limekwisha kuchukuliwa na wasanii wa maigizo, na mgonjwa akisikia kwamba daktari wake "ameigiza" kupasua anaweza kuingiwa na shaka. "Uigaji" lina nafuu, hasa likitanguliwa na neno mazoezi: "mazoezi ya uigaji" huonyesha kwamba kuiga ni njia ya kuelekea kwenye kazi yenyewe.

Tatu, na hapa ndipo Kiswahili kina utajiri, ni vitenzi vya mkono. Mwalimu anayesahihisha hahitaji nomino nyingi. Anahitaji kutofautisha kushika na kushikilia, yaani kukamata na kuendelea kukamata. Kukaza na kulegeza. Kuinua na kuvuta. Kufinya na kubana. Fundi cherehani ana kushikiza, yaani kushona kidogo ili kitambaa kisihame kabla ya mshono wa kudumu, na kitendo hicho hicho daktari hukifanya ndani ya tumbo. Viambishi vya unyambulishaji hubeba kwa neno moja tofauti ambazo lugha nyingine huzieleza kwa maneno mawili au matatu, na katika amri inayotolewa huku damu ikitoka, ufupi ni sehemu ya usalama.

Nne ni maneno ya upande, na hapa ipo hatari. Mwalimu anaposema "nenda kushoto", anakusudia mkono au ncha ya chombo? Kwa sababu ya egemeo, viwili hivyo hukinzana. Aidha, katika Kiswahili cha Kongo neno "kuume" lina nguvu pale ambapo msemaji wa Dar es Salaam angesema "kulia". Wanaofanya mazoezi pamoja hawana budi kukubaliana mapema: pande zote zitajwe kwa kufuata kioo, na neno moja litumike kwa kila upande. Makubaliano hayo yanapaswa kufanyika kwenye sanduku, kabla ya mgonjwa kulazwa mezani.

7.0 Njia ya kwenda Kamituga

Katika hospitali za mbali za Kongo, sehemu kubwa ya upasuaji hufanywa na madaktari wa kawaida wasio mabingwa. Kuwatoa kituoni kwa miezi mingi ili wakasome ni kuwaacha wagonjwa bila mpasuaji. Kwa hiyo mazoezi ndiyo yanayopaswa kuwafuata walipo.

Chombo chenyewe kiko ndani ya uwezo wa seremala wa mji wowote: kasha la mbao au plastiki, kifuniko cha mpira kilichotobolewa, taa ndogo inayotumia umeme wa jua, na simu ya mkononi iwe kamera na kioo. Vyombo vya mkononi vinaweza kuwa vile vilivyokwisha kustaafu katika vyumba vya upasuaji vya mjini. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: koleo lisilofaa tena kumshikia mgonjwa utumbo bado linafaa kuhamishia maharagwe kutoka kisahani hadi kisahani. Baada ya maharagwe huja shashi, kisha uzi na sindano, kisha ini la mbuzi kutoka buchani.

Mwalimu ndiye anayehitaji mpango. Ikiwa Toronto iliweza kufundisha Botswana mara moja kwa juma, Bukavu inaweza kufundisha Kamituga, kwa saa zile zile za mchana, na kwa lugha ambayo mwalimu, daktari na muuguzi wote wanaijua. Mtandao ukikatika, mwanafunzi anaweza kurekodi zoezi lake na kulituma baadaye, na mwalimu akajibu kwa sauti. Aliyefikia viwango ndiye angekwenda Bukavu, kwanza kushika kamera, kisha kupasua akiwa chini ya usimamizi. Safari yake ingekuwa fupi kwa kuwa mikono yake ingefika ikiwa tayari.

Haifai, hata hivyo, kudai kwamba sanduku ni tiba ya kila upungufu. Upasuaji wa matundu madogo kwa kawaida huhitaji nusukaputi kamili na mtaalamu wa kuitoa, oksijeni, umeme usiokatika, gesi, na vyombo vilivyotakaswa. Nchini India wako madaktari wa vijijini wanaoinua ukuta wa tumbo kwa chombo maalumu badala ya gesi, na hilo limepunguza baadhi ya mahitaji hayo, halikuyaondoa yote. Daktari mwenye mikono iliyofunzwa katika hospitali isiyo na oksijeni bado atafanya vyema kufungua tumbo kwa njia ya zamani, au kumpeleka mgonjwa kwingine. Kujua wakati wa kuiacha njia ya matundu madogo ni sehemu ya ustadi wake, na mazoezi mazuri hulifundisha hilo pia.

8.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba ugumu wa upasuaji wa matundu madogo unatokana na jicho lisiloona kina, mkono unaotenda kinyume, na mwalimu asiyeweza kuushika mkono wa mwanafunzi wake. Mazoezi ya uigaji hutatua matatizo mawili ya kwanza kwa marudio na kipimo. La tatu hutatuliwa na maneno, na ushahidi wa Botswana unaonyesha kwamba bila maneno hayo hata marudio hupotea bure.

Ni wajibu wa wanaoshughulikia Kiswahili katika vyuo vikuu, kwa kushirikiana na madaktari, kukusanya vitenzi na maneno ya upande yanayotumika katika vyumba vya upasuaji vya Bukavu, Dar es Salaam na kwingineko, na kuyasanifisha kwa kuyasikiliza kwanza. Wakazi wa Kivu walipohitaji jina la watwangaji wa mawe hawakusubiri kamati. Walilichukua kutoka katika tendo lenyewe. Mpasuaji naye anahitaji maneno ya namna hiyo, na anayahitaji yakiwa yamezoeleka kinywani mwake na masikioni mwa muuguzi wake kabla mtwangaji hajafikishwa hospitalini akiwa ameshika tumbo.